Maili za Unga

Duluth, Minnesota
4 Juni 2012

Mdogo wangu LaVonne,

Naanza na salamu ili usije ukasema sikukusalimu: salamu. Huku ziwani bado kuna baridi, goti langu linanisikiliza, sina la kulalamika. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu sisi wawili kwenye simu hatumalizi mazungumzo kabla mmoja hajamkatia mwenzake.

Mwaka huu tunazunguka dunia. Tulilisema tangu tuko wasichana tunaosha makopo ya maziwa ya baba, na kila mwaka ikatokea sababu. Sasa mimi nimestaafu, wewe umeuza duka lako la mikate, sababu zimetuishia.

Kilichobaki ni kuchagua mpango wa maili, yaani shirika lipi la ndege litubebe kwa maili tulizojiwekea, na hapo usijichoshe kufikiri. Nimeshafikiri mimi. Ni Northlake. Nimeuza viti vya madaktari wa meno kutoka Maine hadi Arizona kwa miaka thelathini, na safari zote nilipanda Northlake, hata pale walipokuwa wakinizungusha Detroit bila sababu. Kila maili niliyoruka wameiweka kwenye jina langu, na sasa zimejaa kiasi cha kutubeba sote wawili. Kadi yangu ni ya dhahabu. Maana yake naingia ndegeni kabla ya wenye watoto wachanga. Maana yake pale Minneapolis nakunywa supu bure kwenye ukumbi wenye makochi, na msichana wa kaunta ananiita kwa jina kabla sijatoa kitambulisho.

Tiketi ya kuzunguka dunia ina sheria zake, kwa hiyo nisikilize. Unakwenda upande mmoja tu, hurudi nyuma. Unavuka bahari zote mbili kubwa. Na ukiacha kipande kimoja cha safari, hata kimoja, usitokee uwanjani, kompyuta inafuta vyote vilivyobaki. Kosa hilo hulifanya washamba. Sisi tutaanzia Seattle kwenda Japani, na tutasonga hivyo hivyo hadi tutokee upande wa pili.

Sema ndiyo, nianze kushika viti.

Dada yako,
Ardis


Seattle
11 Juni 2012

Mama mdogo,

Ukishaisoma barua hii ifiche mahali mama hafiki, yaani ndani ya kitabu cha mapishi.

Nimefaulu. Nimeurudia mtihani wa ukapteni na safari hii nimefaulu. Mistari minne kwenye mkono wa koti, mama mdogo, na bado naikagua kila asubuhi kama kuna mtu kaja kuifumua. Sasa wananifundisha njia ya Pasifiki, Seattle kwenda Osaka. Kuanzia Oktoba ndege nzima ya shirika letu la Tamarack itakuwa mikononi mwangu, pamoja na mizigo, kahawa na kila mtoto anayelia.

Mama hajui. Anadhani mimi bado ni rubani msaidizi wa safari fupi za Portland. Unakumbuka mara ile. Hata sijaingia chumba cha mtihani, yeye kishatangaza kanisani, kaagiza keki yenye mabawa ya sukari, na jarida la kanisa limeandika KAPTENI SIGNE TOLLEFSON kwa herufi kubwa. Nikashindwa. Keki ikaliwa watu wakitazama sahani zao. Mama hakunilaumu hata neno moja, aliwaambia wote kwamba mashine ya mtihani ilikuwa mbovu. Lakini tangu siku ile haniulizi habari za kazi. Tukipigiana simu ananiuliza kama mvua inanyesha, halafu anahamia kwenye maili zake.

Nataka asikie mwenyewe, kwa kipaza sauti, ndege ikiwa hewani, mahali ambapo hakuna wa kuja kuninyang'anya. Nataka sauti yangu ndiyo imwambie. Naitaka dakika hiyo kuliko mistari yenyewe.

Ameniambia mnazunguka dunia, na namjua, atataka Northlake. Wao hawashirikiani na sisi hata kwa bahati mbaya. Mfanye achague mpango wa Tamarack. Najua nakutuma ukahamishe ziwa. Na usimwambie kitu, hata akubane vipi. Niapie.

Mwanao,
Signe


Fargo, Dakota Kaskazini
20 Juni 2012

Dada Ardis,

Salamu yako imefika, ile moja. Nami nakurudishia mbili.

Barua yako nimeisoma vizuri. Viti usivishike kwanza. Mimi naona tuchague Tamarack.

Najua umeshasimama. Keti, dada. Kwanza, ndege zao zina rangi ya kijani ya kupendeza. Pili, nasikia wana supu ya mchele-pori, mteja wangu mmoja aliinywa akaisifu. Tatu, nina maili zao. Ndiyo, mimi. Ile kadi ya benki niliyokuwa nanunulia unga na sukari ni ya Tamarack, na kila gunia lililoingia dukani limeniletea maili. Sikuwahi kuzigusa, maana ningekwenda wapi na mikate ingekandwa na nani? Juzi nikawapigia. Msichana akatazama kompyuta yake, kisha akasema, "Mama, hizi zinakuzungusha dunia wewe na mwenzako, daraja la kwanza." Nikamwambia atazame tena, labda kachanganya jina. Akatazama. Hakuchanganya.

Basi nimeona nikuambie.

Mdogo wako,
LaVonne


Duluth
27 Juni 2012

LaVonne,

Rangi ya kijani! Chura naye ni wa kijani.

Halafu hizo maili za unga. Maili inaitwa maili kwa sababu mtu ameiruka. Zangu nimezikalia, na mgongo wangu unazijua moja moja. Nimelala sakafuni Denver theluji imefunga uwanja. Desemba moja nilipanda ndege kwenda Phoenix nikarudi siku ile ile bila kutoka nje ya jengo, kwa sababu mwaka ulikuwa unaisha na kadi yangu ilikuwa inataka kushuka kutoka dhahabu kwenda fedha. Na usinicheke, nusu ya ndege walikuwa wanafanya hivyo hivyo. Tulipotua tulipeana mikono kama watu waliomaliza mbio. Wewe wakati huo ulikuwa umesimama nyuma ya meza unaviringisha mikate ya mdalasini, na wanasema eti tuko sawa?

Kwa Tamarack mimi ni nani? Si mtu. Nitapanga foleni na vijana wa mabegi ya mgongoni, na nikifika kaunta nitaulizwa jina langu linaandikwaje.

Na najua unachokifikiria, kwamba Signe yuko Tamarack. Hiyo ndiyo inanifanya nizidi kusema hapana. Mtoto anafanya kazi yake. Hahitaji mama yake kwenye ndege za ofisi yao, akimshika kila mfanyakazi mkono na kusema mimi ndiye niliyemzaa. Nilishamtia aibu kwa keki moja. Inamtosha maisha yake yote.

Jibu ni Northlake.

Ardis


Fargo
9 Julai 2012

Dada Ardis,

Nilitaka kupiga simu nikajizuia, kwa hiyo hii isome polepole.

Mambo ya rangi na supu yalikuwa upuuzi, nakubali. Sasa nasema lililo moyoni. Mama alipofariki, wewe ndiye uliyenileta kwa maili zako. Mume wangu Harlan alipokuwa hospitali kule Rochester, kila wiki ulinipandisha ndege, na kila wiki ukasema si kitu, maili zipo. Nashukuru hadi leo. Lakini maisha yangu yote nimesafiri kwa tiketi ya dada. Sijawahi kukununulia hata kahawa ya uwanjani, kwa sababu na kahawa yenyewe wewe unapewa bure.

Hizo unazoziita maili za unga ni zangu. Nimezipata kwa kusimama, kabla jua halijatoka, mikono imepasuka kwa baridi na chachu, nikiwalisha watu wa Fargo nusu ya mji. Sizionei haya. Ni za ardhini, sawa, na ndizo zitakazokupandisha daraja la kwanza, mahali ambapo hata dhahabu yako ilikuwa ikikufikisha siku za bahati tu.

Niache nikupeleke mahali, mara moja tu. Na kama kadi hiyo ni kubwa kwako kuliko mimi, niandikie hivyo hivyo kwa mkono wako, nami sitaitaja safari tena.

LaVonne


Duluth
16 Julai 2012

LaVonne,

Umenikalisha chini. Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo tangu mama, na mama alitumia mwiko.

Tutakwenda na Tamarack, kwa maili zako. Masharti yangu ni haya. Njia napanga mimi. Kiti cha 2A ni changu, karibu na dirisha, mbali na jiko. Lebo ya dhahabu ya Northlake inabaki kwenye sanduku langu, wapende wasipende. Na tukishaketi usinipigie soga. Mlango wa ndege haujafungwa mimi nimeshaziba masikio na kufunika macho, na siondoi hadi chakula. Matangazo ya ndege ni ya watu wanaosafiri mara ya kwanza.

Nimepiga simu kwao nimeshika Jumapili ya tarehe 14 Oktoba, Seattle kwenda Osaka. Siku hiyo wanaleta ndege mpya, viti vinanyooka vikawa vitanda kabisa. Jumanne yake ni ndege kuukuu, viti vya kuegama tu. Mimi ni muuza viti, nimevitazama kwenye picha, ni fedheha. Kwa hiyo tarehe isiguswe.

Asante, mdogo wangu. Sikujua mikono yako ilikuwa inapasuka.

Ardis


Seattle
17 Septemba 2012

Mama mdogo,

Ratiba ya Oktoba imetoka. Sisi marubani huchagua safari kwa ukongwe kazini. Mimi ndiye kapteni mchanga kuliko wote, kwa hiyo wakubwa wamekula nyama nami nimeokota mifupa. Nimepata Osaka moja tu, Jumanne ya tarehe 16, na kurudi Ijumaa ya 19. Mwezi unaofuata wamenipeleka kwenye njia nyingine kabisa. Nimewaomba watu wabadilishane nami, wote wamenicheka.

Ninyi mmeshika Jumapili. Tafadhali fanya lolote.

Signe


Fargo
20 Septemba 2012

Dada Ardis,

Naomba tusogeze safari hadi Jumanne ya tarehe 16. Jino linaniuma. Dokta Amundson amenipangia Jumatatu ya 15 asubuhi na hana nafasi nyingine. Najua habari ya viti. Samahani sana.

LaVonne


Duluth
26 Septemba 2012

Mdogo wangu mpenzi,

Nimempigia simu Dokta Amundson. Umesahau kwamba kile kiti anacholazia wagonjwa alinunua kwangu, pamoja na taa yake. Alifurahi kunisikia. Kitabuni hana jina lako Jumatatu, wala wiki hiyo yote, na anasema meno yako ni ya msichana.

Wewe huna uongo. Tulipovunja dirisha la kanisa ulikwenda kwa mchungaji kabla hajaliona. Mtu kama wewe akidanganya juu ya daktari, mimi nimekwishakuwa mtu mzima, najua ni daktari wa namna nyingine. Sasa naelewa yote. Haraka yako, na kule kung'ang'ania, na "mara moja tu."

Sitakuuliza kitu. Siku ukitaka kuniambia nitakuwa nimekaa kando yako. Tarehe nimeihamisha. Nitalala kwenye kiti kuukuu hadi Japani na sitalalamika, au nitalalamika kidogo tu, usije ukashtuka.

Nakupenda. Ningelisema zamani kama ningejua ni rahisi hivi kuliandika.

Ardis


Fargo
1 Oktoba 2012

Signe mwanangu,

Mama yako anadhani nakufa. Kanitumia soksi za sufu na mtungi wa asali. Kaniandikia kwamba ananipenda, Ardis huyu huyu, kwa wino. Nilikaa mezani nikalia, kisha nikajiona mwovu, kisha nikalia tena. Nilinyanyua simu mara kadhaa nimwambie ukweli, nikakumbuka kiapo nikairudisha.

Mzigo huu siuwezi kwa muda mrefu. Siku hiyo ukishaiweka ndege sawa, usianze na hali ya hewa. Nenda moja kwa moja kwa mama yako.

Mama mdogo wako,
LaVonne


Osaka, hoteli ya uwanja wa ndege
17 Oktoba 2012

Mama mdogo,

Dereva wa hoteli ataileta hii huko mlikofikia mjini. Sina nguvu ya kuzungumza kwa simu.

Maneno niliyafanyia mazoezi bafuni wiki nzima. Nilisema jina langu, nikasema kapteni, nikasema kwamba kwenye kiti cha 2A amekaa mwanamke aliyenifundisha kufika mapema na kutoogopa kiti cha mbele. Nilisema hii ndiyo safari yangu ya kwanza ya Osaka nikiwa na mistari minne, na kwamba ni yake. Kupitia mlango uliofungwa nilisikia watu wakipiga makofi. Nikangoja. Kisha mhudumu mkuu akanipigia akasema kwa upole, "Kapteni, mama kalala. Kaziba masikio, kafunika macho. Dada yake alimtikisa, akasema aachwe alale."

Nilifikiria kila kitu, mama mdogo, isipokuwa vizibo.

Tulipotua nikazima injini, nikamaliza kazi yangu mbio mbio na kufungua mlango. 2A ilikuwa tupu. Kishatoka, wa kwanza kama kawaida yake. Wewe ulikuwa bado unatafuta kiatu.

Usimwambie sasa. Sitaki asikie kama habari ya pili mezani. Mwache azunguke dunia yake, akirudi nitamwambia jikoni kama watu wengine. Si kitu. Nilifika salama, watu wote walifika salama, na kutua kulikuwa kuzuri.

Signe


Osaka
18 Oktoba 2012

Signe, mwanangu,

Mama yako mdogo kaja kwenye kifungua kinywa macho yamevimba, barua yako mkononi. Nilimpokonya. Unanijua.

Sasa sikiliza mimi. Vizibo nilikuwa navyo, lakini nilikuwa bado sijavisukuma ndani, kwa sababu nilikuwa namsikiliza LaVonne anavyopumua. Nilidhani ni mgonjwa. Nilikuwa nimejiambia nikisikia anakohoa tu, naita mhudumu. Ndiyo maana nilisikia. Nilisikia jina lako, nikasikia kapteni, nikasikia 2A, nikasikia hadi neno la mwisho. Na pale pale nikaelewa kwa nini ilikuwa lazima Jumanne, na kwamba hakuna ugonjwa wowote, na yule mzee wa meno alisema kweli.

Kwa dakika moja nimerudishiwa mdogo wangu mzima na nimepewa mwanangu kapteni. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Kile kitambaa cha macho kililowa chote. LaVonne alipoanza kunitikisa nilisema niache nilale, kwa sababu lile ndilo neno fupi kuliko yote niliyoweza kulisema bila sauti kupasuka. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi niliyekutia aibu kwa keki mbele za watu sikutaka kukutia aibu tena kwa machozi. Nilitaka uruke. Ulikuwa kazini.

Baadaye nilikuwa nikijipanga nitakavyokuja mlangoni kwako tukitua. Na taa ya mkanda wa kiti ilipozimika, miguu ikafanya ilichofanya miaka thelathini. Nilizinduka niko ndani ya jengo, wa kwanza kwenye foleni ya pasipoti, begi mkononi, kama mjinga. Askari hakuniruhusu kurudi. Nikasimama kwenye kioo kikubwa hadi wewe na wenzako wa kazi mkafika, mmeshuka wote pamoja. Nilikuona. Ulikuwa mbele, kofia kwapani, unazungumza na wenzako nao wanakusikiliza. Niliihesabu mistari kwenye mkono wako nikairudia kuihesabu. Niligonga kioo, hukusikia.

Signe, mara ile kwenye keki sikuona haya kwa sababu ulishindwa. Niliona haya kwa sababu mdomo wangu ulikufanya ushindwe mbele za watu. Ndiyo maana niliacha kuuliza kazi, nikakuuliza mvua. Nilijivunia wewe kila siku ya mvua hizo zote, na ulipoanguka nilijivunia vilevile. Sikujua namna ya kulisema bila kuagiza keki.

Kesho unarudi Seattle. Nimekwenda kwenye ofisi ya tiketi nikanunua kiti kwenye ndege yako, kwa fedha zangu. Msichana akanieleza kwa adabu kwamba nisipotokea kwenye kipande kinachofuata, safari yangu yote ya kuzunguka dunia itafutwa. Nikamwambia, binti, sheria hiyo nimewafundisha watu kabla hujazaliwa. Futa.

Tiketi ya LaVonne ni yake mwenyewe, haiguswi. Nilipomwambia nilidhani atalia arudi nami. Akaniambia, "Mimi naendelea, dada. Maili ni zangu." Hajawahi kwenda peke yake mbali kuliko Minneapolis. Ungemwona alivyokuwa kajinyoosha.

Kesho ukitangaza, tangaza polepole.

Mama yako


Istanbul
29 Oktoba 2012

Dada Ardis,

Nimefika hapa peke yangu kupitia Bangkok na kwingine ambako sijui kuandika majina. Nimepotea mara nyingi na kila mara nimejikuta. Jana nilisimama mbele ya duka la mikate, mwenye duka akaitazama mikono yangu, akanifungulia jiko. Hatukuelewana neno moja, tulikanda hadi unga wake ukaisha.

Pale uwanjani nimekaa kwenye ukumbi wa makochi. Sasa naelewa kwa nini ulikuwa unapenda. Supu yao ni mbaya lakini naipenda.

Bahari ya pili naivuka Jumamosi. Niambie kuhusu ile ndege ya kurudi, kila kitu, na usitie chumvi.

LaVonne


Duluth
12 Novemba 2012

Kwa Ofisi ya Wanachama,
Shirika la Ndege la Northlake, Minneapolis

Mabwana na mabibi,

Nilipopiga simu kujitoa, msichana wenu aliniuliza sababu. Nilimwambia nitaandika, kwa sababu ni ndefu kidogo na yeye alikuwa na watu wanamngoja. Nakala ya barua hii nampelekea mdogo wangu aliyekwishazunguka dunia na anataka kujua ilivyokuwa.

Hamjanikosea kitu. Mmenibeba vizuri tangu nikiwa na nywele nyeusi. Zile safari za Detroit nimewasamehe.

Tarehe 19 Oktoba nilipanda ndege ya Tamarack kutoka Osaka kwenda Seattle. Daraja la kwanza lilikuwa limejaa, kwa hiyo nilikaa nyuma kabisa, kiti cha katikati, ukuta wa choo mgongoni. Kama muuza viti nawaambia kwamba kile si kiti, ni rafu. Sikuziba masikio. Nilisikiliza habari za mkanda, milango na maboya tangu mwanzo hadi mwisho, na kijana aliyekuwa kushoto kwangu akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Nikamwambia ndiyo.

Kisha kapteni akazungumza. Alisema jina lake na njia tutakayopita. Akasema mama yake yumo ndegeni, hajui amekaa kiti gani, lakini akimsikia anyooshe mkono. Mimi sikunyoosha mkono. Nilisimama juu, nikapiga kelele "Niko hapa!" hadi watu wa mbele wakageuka. Mhudumu akaja mbio akaniambia, "Mama, keti, kapteni amewasha taa ya mkanda." Nikamwambia kapteni ni mwanangu. Akasema, "Basi wewe ndiye wa kwanza kumtii." Nikaketi. Wote wakacheka, nami nililia mbele yao hadi tukavuka mawingu, na sikuona haya hata kidogo.

Tulipotua nilingoja. Abiria wote walishuka, wafagiaji wakaingia, nami nikawa wa mwisho kwenye ndege ile. Kapteni alikuja kutoka mbele, akatembea urefu wote wa ndege hadi kwenye rafu yangu, na akanibebea begi.

Kadi yenu ya dhahabu imo ndani ya bahasha hii pamoja na lebo ya sanduku. Maili zangu zilizobaki wapeni hospitali ya watoto, mliwahi kuniandikia kwamba inawezekana. Tamarack wamenipa kadi ya karatasi isiyo na rangi yoyote, na nimeanza nao upya kabisa katika umri huu. Kaunta hawanijui. Nikifika wananiuliza jina langu linaandikwaje, nami nawatajia herufi moja moja, kwa sauti, kwa sababu ndilo jina lililoandikwa kwenye koti la mwanangu.

Wenu kwa heshima,
Ardis Tollefson,
mama yake Kapteni Signe Tollefson